Mwaka Bibi Alipochungulia Tone la Maji

Watu wakiniuliza nilianzaje kazi ya maabara, huwa nawajibu kwamba nilipelekwa na bibi yangu, mama wa baba, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja na alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa kuku wake. Hudhani nafanya mzaha. Kisha nawasimulia habari za Rumonge, na za yale maonyesho, na nikifika katikati naona nimesahau kwamba kulikuwa na swali.

Tulikaa Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya ziwa, mtaa wa Waswahili, nyuma ya soko. Ukitoka kwetu asubuhi ulipokelewa na harufu mbili: ndagala, yaani dagaa, zilizoanikwa mchangani, na mawese yanayochemshwa. Mimi nikiwa Ujiji au hata Dar es Salaam, nikipita mahali mtu anakaanga kwa mawese, husimama kidogo. Baba alikuwa fundi wa karabai. Wavuvi wote wa upande ule walimletea taa zao, na barazani petu palijaa vioo, pampu na vyungu vya taa, hata mgeni akija ilibidi asogeze karabai tatu nne ndipo apate pa kukaa. Mama alikaanga mandazi na kuyapeleka sokoni. Bibi alikuwa bibi, yaani mwenye nyumba.

Mimi sikuwa nikisoma ekole, yaani shule. Nilikwenda chuoni kusoma Kurani, basi. Ekole ilikuwa ya misheni, juu kidogo ya mji, na katika mtaa wetu iliaminika kwamba mtoto wa Kiislamu akiingia mlango ule kama Amina, atatoka kama Maria. Wengine walipeleka wavulana wao wakijifanya hawajui. Wasichana, hapana. Uhuru ulikuwa umekuja, tulicheza ngoma siku ile hadi vumbi likajaa mtaani, lakini mambo ya ekole yalibaki vilevile.

Halafu akaja mwalimu mmoja wa ekole ile.

Alikuwa mtu wa milimani, upande wa Bugarama, mwembamba, mwenye baiskeli nyeusi aliyoipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alifika kwetu kwanza kwa sababu ya karabai yake iliyokuwa ikizimika. Baba alipoifungua, mwalimu hakukaa pembeni kungoja kama wateja wengine. Alichuchumaa kando yake akauliza hiki ni nini, na hiki kinafanya nini. Baba hakuwa mtu wa maneno. Lakini siku ile nilimsikia akijibu, na kujibu tena.

Siku chache baadaye mwalimu alirudi, na safari hii karabai yake ilikuwa nzima.

"Amahoro hapa?"

"Amahoro. Karibu, mwalimu. Imezima tena?"

"Hapana, mzee, taa iko muzuri sana. Nimekuja kuwaalika." Akaeleza kwamba vakansi, likizo ya shule, ikianza, yeye na walimu wenzake watafanya maonyesho. Watu waje, wakubwa kwa wadogo, waone mambo ya elimu, washike kwa mikono yao, waulize. Muuguzi wa dispensari atazungumza juu ya mbu. Bwana shamba atazungumza juu ya michikichi.

Baba alikwangua chungu cha taa kwa muda mrefu. "Ndani ya ekole?"

"Hapana. Nimeomba ifanyike uwanjani, pale wanapocheza mpira. Hakuna kusali, hakuna kuimba. Ni kuangalia tu."

Sauti ya bibi ikatoka ndani, nyuma ya pazia. "Kuangalia nini?"

"Vitu vya kila siku, bibi. Moto, kivuli, mbegu, maji."

"Maji niko nayo humu kwenye mutungi. Sina haja ya kutembea juani kwenda kuangalia maji."

Mwalimu alitabasamu akilitazama lile pazia. "Basi njoo nayo, bibi. Chota kwenye mutungi wako, uje nayo."

 Mtu yeyote aliyemfahamu bibi angejua kwamba sasa atakwenda. Alikuwa ametupiwa neno, na hakuwahi kuliacha neno lipite.

Siku yenyewe ilipofika alijifunga kanga mpya, akachota maji ya mtungini kwa bakuli, akalifunika kwa kawa, akanikabidhi mimi nilibebe. "Ukimwaga hata kidogo," akasema, na hakumaliza. Tukaenda hivyo, yeye mbele na mimi nyuma na bakuli, mama akitufuata na baba akijiweka nyuma kabisa kama mtu anayepita njia tu.

Sijawahi kuuona uwanja ule umejaa hivyo, hata siku za mpira. Watu walikuwa wameshuka milimani, wengine walikuja kwa mtumbwi kutoka Muhuta. Walimu walikuwa wametoa madawati nje na kusimamisha mahema kwa miti. Meza moja ilikuwa na yai lililozama katika glasi ya maji, kisha chumvi ikatiwa na yai likapanda, na wazee wazima wakapiga makofi. Pengine palisimikwa mti mmoja ardhini na watoto walichora kivuli chake kila kilipohama. Mwalimu mmoja alizungusha ndoo ya maji juu ya kichwa chake bila hata tone kumwagika, na mvuvi mmoja mwenye mikono kama makasia akaomba naye ajaribu, akajimwagia yote, akaomba tena.

Kilichonishika mimi kwanza kilikuwa ziwa. Mwalimu wetu alikuwa amelichora mchangani, refu kama mamba aliyelala, na alikuwa akiwapa watu mawe. "Weka jiwe mahali ulipozaliwa," alisema. Watu wakaanza kuweka. Rumonge ilijaa upesi. Nyanza-Lac, Muhuta. Kisha mzee mmoja wa mtaani kwetu akavuka akaweka jiwe lake Uvira. Mwingine Kigoma. Mama akaweka la kwake Ujiji, kwa aibu, haraka haraka. Bibi aliitwa. Alisimama akaliangalia ziwa lile kwa muda, kisha akaenda ng'ambo kabisa, upande wa Kongo, chini sana mahali pasipokuwa na jiwe la mtu, akaweka lake peke yake.

"Ni wapi hapo, bibi?" nilimwuliza.

"Ni kwetu. Nililetwa mgongoni." Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Sikuwa najua kwamba bibi aliwahi kubebwa na mtu.

Meza ya maji ilikuwa mwisho, chini ya turubai lililoachwa wazi upande mmoja ili jua liingie. Juu yake palikuwa na hadubini. Siku ile hakuna aliyeiita hivyo. Watu waliita "jicho". Mwalimu alikuwa ameiazima kwenye ekole kubwa ya Bujumbura, na tulisikia kwamba aliileta Rumonge kwa kamyo, yaani lori, ameipakata mapajani kama mtoto mgonjwa, akikataa kuiweka chini hata waliposimama kula.

"Umekuja na maji, bibi?"

"Nimekuja nayo."

Akachukua tone moja kwenye bakuli letu, akaliweka juu ya kipande cha kioo, akageuza kioo kingine kidogo cha chini kikavuta mwanga wa jua. Akachungulia, akarekebisha, akampisha. Bibi akainama. Hakujua kufumba jicho moja. Alijaribu, yakafumba yote mawili. Mwishowe akaliziba moja kwa pembe ya kanga.

"Naona nyasi."

"Hizo ni kope zako, bibi. Sogea kidogo. Usiharakishe."

Akasogea. Akatulia. Watu waliokuwa nyuma yetu nao wakatulia.

"Yewe!" Bibi aliruka nyuma, akamkanyaga mama. "Iko mutu ndani!"

Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikacheka, lakini bibi hakucheka. Alikwisha rudi kuchungulia. "Anatembea. Huyu mwingine anazunguka. Wako wengi!" Akainuka akamkazia mwalimu macho. "Umewachora kwenye kioo."

"Sikuwachora, bibi."

"Basi wako kwenye kioo chako, hawako kwenye maji yangu. Maji yangu ni ya mutungi safi. Wewe unakunywa maji gani?"

Mwalimu alikuwa na chupa yake ya maji chini ya meza. Alisita kidogo, nakumbuka, na walimu wenzake walikuwa wakimtazama. Kisha akaifungua, akachukua kioo kingine, akaosha mbele ya macho ya bibi, akaweka tone lake mwenyewe. Bibi akainama na kanga yake.

Alikaa hapo muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza.

"Na ya kwako iko nao," akasema. "Tena wa kwako ni wanene."

Aliyecheka zaidi siku hiyo alikuwa mwalimu mwenyewe. Alicheka hadi akashika meza. Kisha akafanya alichokuwa amekusudia tangu mwanzo: akatia maji ya bakuli letu katika kisufuria, akayachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, akasubiri yapoe, akaweka tone lingine.

"Wamelala," bibi akasema.

"Wamekufa, bibi."

"Wote?"

"Wote."

Bibi akainuka polepole. Sasa sauti yake ilikuwa ya chini, sauti aliyokuwa akiitumia nyumbani kukiwa na msiba. "Mimi nimekuwa nikiwanywa watu hawa tangu nizaliwe."

"Na bado uko na nguvu, bibi."

"Usinipake mafuta. Nimezika watoto kwa kuhara. Sema kweli, ni hawa?"

Mwalimu hakucheka tena. "Wengine hawana ubaya. Wengine ndio hao. Na wengine ni wadogo zaidi, hata jicho hili halitoshi kuwaona."

"Murakoze," bibi akamshukuru, kwa Kirundi, ingawa muda wote walikuwa wakizungumza Kiswahili. Kisha akanisukuma mbele. "Mwonyeshe na huyu."

Mwalimu akarudisha kile kioo cha tone letu la kwanza, nami nikachungulia. Nimetazama matone mengi tangu hapo, ya damu, ya mkojo, ya makohozi, kazi ya kila siku, na mara nyingi nikifikiria chakula cha mchana. Lakini lile la kwanza siwezi kulieleza vizuri. Palikuwa na duara la mwanga, na ndani yake kitu kisicho na rangi kilikuwa kikienda zake, kikagota ukingo wa chembe ya jani, kikarudi nyuma, kikazunguka, kikaendelea. Kilikuwa na haraka. Kilikuwa na mahali kinakwenda. Mwalimu aliniuliza, "Unaona nini?" nami nikazidi kuinama.

Kuanzia jioni ile hakuna aliyekunywa maji mabichi nyumbani kwetu. Bibi alimwaga mtungi, akausugua kwa mchanga na majivu, akaweka sufuria kubwa jikoni. Baba alilalamika kwamba maji yananuka moshi. Mama alilalamika kuni. Bibi alimwambia kila mmoja wao, "Nenda ukachungulie," kana kwamba hadubini bado iko uwanjani inawangoja. Jirani akija na kuomba maji ya kunywa, alipewa maji na hotuba. Wengine wakaanza kuona ni heri wabaki na kiu.

Kisha siku moja wakati wa chakula, bila utangulizi wowote, akasema: "Huyu mutoto atakwenda ekole."

Baba aliacha tonge lake la ugali hewani. "Mama, watambatiza."

"Kubatiza si ni maji? Wakimmwagia tutamfuta."

"Watu wa mtaani watasema nini?"

"Watasema. Wakichoka watanyamaza. Mimi nataka mutu wa kwangu ajue kulitumia lile jicho. Nisiwe kila nikitaka kujua kitu namngoja mutu wa milimani na baiskeli."

Usiku huohuo mama alianza kupima kitambaa cha gauni langu la shule. Baba alikwenda kuonana na mwalimu, wakapatana: Ijumaa nitaachiwa mapema, na wakati wa kusali wenzangu nitatoka nje. Alasiri nitaendelea na chuo. Hivyo nikaingia darasa la kwanza nikiwa na miaka karibu kumi, katikati ya watoto wadogo, magoti yangu yakigonga dawati kwa chini. Nilionewa wiki ya kwanza. Ya pili niligundua kwamba kwa kuwa mimi ni mkubwa kuliko wote, naweza nami kuonea kidogo, na mambo yakatulia.

Maonyesho yakawa desturi. Kila kiangazi watu waliuliza, "Mwaka huu kutakuwa na nini?" kama wanavyouliza habari za harusi. Mwaka mmoja mwalimu alimwomba baba azungumze juu ya karabai. Baba alikataa. Mwalimu alikuja tena, baba akakataa kwa sauti ya chini zaidi, na mara ya tatu akakubali kwa sababu alichoka kukataa.

Alijitayarisha kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Baada ya chakula alitupanga barazani, mama, bibi na mimi, akasimama mbele yetu na kuanza: "Ndugu wasikilizaji." Bibi akamwambia hapa hakuna redio. Akaanza tena. Usiku baada ya usiku tulisikia jinsi mafuta yanavyosukumwa na hewa, yanavyopanda bombani, yanavyogeuka mvuke, mpaka nikawa naweza kuisema hotuba yote nikiwa nateka maji.

Siku ilipofika akapanda juu ya benchi mbele ya watu, karabai mkononi. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.  Watu wakangoja kwa adabu, kisha wakaanza kutazamana, na mama akashika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma. Mwalimu alikuwa karibu, lakini hakumsaidia wala hakumharakisha.

Baba akashuka kwenye benchi. Nikadhani anaondoka. Badala yake akakaa chini mchangani, palepale, akaanza kuifungua karabai. Kipande kimoja kimoja. Kila alichokitoa alimpa mtu aliyekuwa karibu, na mtu yule akakigeuza, akampa mwenzake, hata karabai nzima ikawa imetawanyika mikononi mwa watu. Kitoto kimoja cha kike kilichoshika ile soksi ya kuwakia kikauliza, "Babu, mbona hii iko ya kitambaa na haiungui?"

"Inaungua," baba akasema. "Inaungua mara ya kwanza tu. Kinachobaki ni majivu, na majivu ndiyo yanayong'aa."

"Majivu yanang'aa?"

"Njoo uone."

Na hapo akazungumza. Watu walikaa mchangani kumzunguka, wavuvi wakauliza ya kwao, kwa nini taa ikitikiswa na wimbi hufanya hivi, kwa nini ndagala hufuata mwanga. Hilo la mwisho alisema halijui, wamwulize mwalimu, na mwalimu naye akasema halijui vizuri, na ubishi wao ukaendelea hadi jua likazama. Vipande vyote vilirudi, isipokuwa skrubu moja. Njiani kurudi nyumbani baba alikuwa amekauka sauti.

"Leo," mama akamwambia, "umesema maneno mengi kuliko siku uliyokuja kuniposa."

Bibi naye alizungumza kiangazi kilichofuata. Yeye hakuombwa, alimwarifu mwalimu kwamba atazungumza. Alikaa kwenye kiti, mwalimu mwenyewe akamshikia mwavuli, na akawagombeza wanawake wa Rumonge juu ya maji ya kunywa mpaka wengine wakaanza kulia na wengine kucheka. Mwanamke mmoja alithubutu kuuliza kuni atazitoa wapi. Bibi akamwambia atoe palepale anapotoa za kupikia pombe. Sijui kama yule mama alikuwa akipika pombe kweli, lakini hakuuliza tena.

Bibi alifariki mwaka mmoja kabla ya sabini na mbili, kitandani kwake, kuku wakiwa mlangoni. Tulilia tukaona tumeonewa. Miezi iliyofuata ilitufanya tuone vingine.

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa darasa la sita. Mwanzoni mwa mwezi wa nne mwalimu aliniita baada ya masomo. "Mwaka huu," akasema, "meza ya hadubini utaishika wewe. Mimi nitakuwa kwenye ziwa langu."

Nilimwambia naogopa nitasahau majina ya wale wadudu.

"Majina uyaache. Usiwaambie wanachokiona. Waulize. Mtu akisema mwenyewe alichokiona, hasahau."

Nilianza kujizoeza nyumbani, kikombe kimeinamishwa juu ya meza badala ya hadubini, mama akiwa mgeni. "Unaona nini, mama?" nilimwuliza. "Naona mtoto anayenicheleweshea mandazi," mama alijibu.

Mwezi ule haujaisha yakatokea yaliyotokea. Watu wenye silaha walikuja pwani yetu, kutoka upande wa Nyanza-Lac na pengine, wakaua watu. Kisha wakaja askari, nao wakaua, hasa watu waliosoma, na wao walikaa. Sitayaeleza yote. Kila nyumba ya Rumonge ina habari yake, na wengi wana haki ya kusema kuliko mimi. Sisi tulijifungia ndani. Ekole ilifungwa.

Siku moja mwalimu alipita kwetu na baiskeli yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akasalimiana na baba kwa mikono miwili, akaniambia nisiache kusoma, hata kama ni maandishi ya kwenye karatasi ya kufungia sukari. Alisema wameitwa komini, kwenye ofisi ya serikali, walimu wote, kuna mkutano. Baba alimwambia, "Mwalimu, usiende." Alimwambia vilevile kama angemwambia mdogo wake. Mwalimu akajibu kwamba asipokwenda watamfuata nyumbani, na nyumbani ana mke na watoto.

Akapanda baiskeli akaenda.

Hakurudi, na wenzake hawakurudi. Tukasikia hili na lile. Kisha baba alikwenda sokoni kutafuta mafuta, akaiona ile baiskeli nyeusi. Ilikuwa ikiendeshwa na mtu mwingine. Baba alirudi bila mafuta, akakaa barazani kati ya karabai zake, akamwita mama na kumwambia afunge vitu.

Tuliondoka asubuhi, kwa mtumbwi wa mvuvi mmoja aliyekuwa mteja wa baba, tukifuata pwani kwenda kusini. Mama alibeba sufuria na nguo, baba sanduku la zana. Wengine katika mtumbwi ule walikuwa hawana kitu. Ziwa lilikuwa tulivu na jua zuri, na nakumbuka nilikasirika kwamba siku ni nzuri hivyo. Tulipopita mpaka, mtu mmoja akaanza kusoma Fatiha.

Ujiji tulipokelewa na ndugu za mama. Baba akaanza upya na karabai, kwani wavuvi ni wavuvi popote. Mimi nilipelekwa shule, watoto wakanicheka kwa kusema "iko" kila mahali, nami nikajifunza kusema kama wao, ingawa nyumbani tuliendelea na Kiswahili chetu. Nikamaliza, nikapata nafasi ya kusomea kazi ya maabara, nikaajiriwa hospitali. Nikaolewa, nikazaa. Baba na mama wamelala Ujiji, kando kwa kando.

Wakimbizi wenzetu waliporudi Burundi kwa wingi, baada ya miaka mingi, nami nilikwenda, si kuhamia, kuona tu. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengine, familia ya vijana. Walidhani nimekuja kudai, nikaona hofu usoni mwa yule mama, nikamwambia nataka kuangalia baraza tu. Alinipa kiti na chai. Watoto wake walinizunguka. Uwanja upo, wanacheza mpira.

Nilimtafuta mke wa mwalimu. Nilielekezwa njia ya Bugarama, nikapanda kilima kwa miguu na kijana mmoja wa pikipiki aliyekubali kunisindikiza pale pikipiki iliposhindwa. Nilimkuta bibi kizee akichambua maharage uani. Nilijitambulisha: mimi ni binti wa fundi karabai. Alinitazama, akaweka ungo chini, akanikumbatia kama wanavyokumbatiana kule, mikono ikishikana viwiko kwa muda mrefu.

Tulizungumza kwa Kirundi na Kiswahili, vyote vibovu. Nilimsimulia maonyesho, nikidhani namletea zawadi. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Maonyesho yale!" akasema. "Mimi nilikuwa nayachukia."

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kila mwaka alichukua sufuria zangu. Alichukua vijiko, chumvi, sukari ya watoto. Mwaka mmoja alichukua mlango! Ndiyo, mlango wa jikoni, alitaka meza. Nilipika wiki nzima mbuzi wakiingia na kutoka. Namwambia, wewe bwana, hao watu wa pwani watajifunza, na mimi nitapikia nini? Ananijibu, subiri kidogo, mke wangu, wanauliza maswali mazuri sana mwaka huu."

Akaanza kucheka. Nikaanza nami. Tulicheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya nguo, na sikuweza kujua tena anafuta nini.

"Mlango aliurudisha?" nikauliza.

"Aliurudisha. Umeandikwa hesabu za watoto kwa wino upande mmoja. Sikuweza kuutoa wino ule." Akachukua ungo wake tena. "Una watoto?"

"Wawili. Mmoja anapenda shule. Mwingine anapenda mpira."

"Ni sawa. Utakula maharage na ndizi?"

Nikasema nitakula. Nikasogeza kigoda karibu yake, nikaanza kumsaidia kuchambua, na akanieleza habari za mvua, kwamba mwaka ule ilichelewa lakini ikaja.